Mwalimu na Mtihani

Mhariri wa jarida letu aliponiomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha fariki, nadhani alitegemea nitaleta habari za mtemi mmojawapo wa Rusubi au wa Bugufi. Wazee wa kwetu Runazi wanazo hadithi hizo, na iko siku nitaziandika. Safari hii nimemchagua Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Ameandikwa sana, najua. Lakini wanaomwandika humweka jukwaani, mara akidai uhuru, mara akitangaza Azimio la Arusha. Mimi nataka kumsimulia akiwa mbele ya karatasi ya mtihani, kwanza kama mtahiniwa, halafu kama mwenye nchi aliyeamua nani atunge mtihani, nani ausahihishe, na uwe na uzito gani. Sisi tuliosoma shule hii katika miaka ya sabini tulikuwa watahiniwa wake, tupende tusipende.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake alikuwa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, na mama yake Mugaya, mmoja wa wake wengi wa mtemi huyo. Kijana alichunga mbuzi kama watoto wengine, na hakuanza shule mpaka mwaka 1934, akiwa na miaka kumi na miwili, alipopelekwa kukaa bweni katika shule ya Mwisenge pale Musoma. Siku hizi mtoto wa umri huo anamaliza darasa la saba. Kambarage alijifunza upesi mno hata akarushwa darasa, na katika mtihani wa mwaka 1936 alama zake zikawa za juu kuliko za watoto wote wa majimbo ya Ziwa na Magharibi. Mwaka uliofuata akaingia Shule ya Serikali Tabora.

Hapo nataka tutulie kidogo. Shule ya Tabora ilikuwa imeanzishwa kwa ajili ya watoto wa machifu, maana Waingereza walitaka watawala wadogo waliosoma. Kambarage alikuwa mtoto wa mtemi, na sidhani kwamba jambo hilo lilimdhuru. Hata hivyo alikwenda Tabora na alama zake mkononi. Katika nchi nzima nafasi za sekondari kwa Mwafrika zilikuwa za kuhesabika, na serikali ya kikoloni ndiyo iliyoshika ufunguo. Kwa mtihani mmoja mlango ulimfungukia yeye, na kwa mtihani huohuo ukafungwa kwa wenzake aliokaa nao dawati moja Mwisenge, ambao majina yao hakuna anayeyajua leo. Naamini hakulisahau jambo hilo maisha yake yote.

Kuna habari moja ya Tabora ambayo naipenda. Walimu walimpendekeza awe kiranja mkuu, lakini mkuu wa shule akakataa kwa hoja kwamba kijana huyu ni mpole kupita kiasi. Kwa hiyo mtu aliyekuja kuongoza taifa kwa zaidi ya miaka ishirini alionekana hafai kuongoza mabweni! Ikumbukeni habari hii, maana nitairudia.

Kutoka Tabora alikwenda Makerere, Uganda, mwaka 1943, akasomea ualimu. Mwisho wa mwaka huo akabatizwa na kuitwa Julius. Aliporudi akafundisha St. Mary's Tabora, na huku akifundisha wengine alijisomea mwenyewe mtihani wa kuingilia Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1949 akaenda Edinburgh, akarudi mwaka 1952 na shahada yake, akafundisha historia Pugu. Mwaka 1954 TANU ikazaliwa, na mwaka 1955 ikambidi achague kati ya chaki na siasa. Akaiacha chaki, lakini jina la Mwalimu likabaki naye. Mambo ya uhuru mnayajua, sitayarudia.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, bendera ilibadilika, lakini mtihani haukubadilika. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliendelea kufanya mtihani wa Cambridge. Karatasi zilitoka Uingereza zikiwa zimefungwa kwa lakiri, na majibu yakasafirishwa kurudi huko yakasahihishwe. Kaka zetu waliotutangulia walituhadithia jinsi walivyongoja majibu miezi kadhaa vijijini, wakilima na kuvua, hali mtu asiyejua hata Biharamulo iko upande gani wa dunia akiamua kama watakuwa makarani au wakulima.

Kilichomchoma Mwalimu zaidi kilikuwa kile ambacho mtihani ulikuwa ukiwafanyia vijana wenyewe. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu na wenzao waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Walikuwa wasomi wachache waliopanda kwa mitihani kutoka darasa la kwanza hadi chuo kikuu kwa fedha za wakulima, nao waliona kwamba nchi ndiyo inayowadai kidogo na wao ndio wanaoidai sana. Aliwafukuza wapatao mia nne wakarudi vijijini, na papo hapo akajikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia ishirini. Miezi michache baadaye, Machi 1967, ukatoka waraka wa Elimu ya Kujitegemea.

Wenzangu wa rika langu tuliukariri waraka huo katika somo la Siasa, na, kwa kichekesho cha mambo ya dunia, tukaufanyia mtihani. Maelezo yake kuhusu mtihani ni haya kwa ufupi. Watoto kumi na tatu hivi kati ya mia moja waliomaliza shule ya msingi ndio waliopata nafasi ya sekondari. Juu ya hivyo, shule yote ilipangwa kwa ajili ya hao kumi na tatu, na waliobaki wakarudi nyumbani wakijiita walioshindwa. Mwalimu akataka mtihani ushushwe hadhi. Shule ya msingi iwe elimu kamili kwa mtoto atakayeishi kijijini, na kazi ya mikono ya mwanafunzi ihesabiwe pamoja na yale aliyoyaandika kwenye karatasi.

Kwanza ikabidi mtihani wenyewe uletwe nyumbani. Mwaka 1967 nchi tatu za Afrika Mashariki zilikuwa zimeunda baraza lao la mitihani, lakini mkono wa Cambridge ulikuwa bado umo ndani. Mwaka 1971 Tanzania ikajitoa, ya kwanza kati ya hizo tatu. Kenya ilikuja kuwa na baraza lake mwaka 1980 na Uganda mwaka 1983. Kwanza Wizara ya Elimu iliubeba mzigo huo yenyewe, kisha Bunge likapitisha Sheria Na. 21 ya mwaka 1973 na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa. Kutunga, kulinda, kusahihisha na kutoa vyeti, vyote vikawa mikononi mwa watu wetu, na serikali ikiwa juu yao.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ikakutana Musoma, mji uleule ambako Kambarage alifanya mtihani wake wa kwanza. Azimio la Musoma liliharakisha elimu ya msingi kwa wote. Likataka pia mwanafunzi asipimwe kwa siku chache za mwisho peke yake, ila kwa maendeleo yake ya kila siku, pamoja na kazi na tabia yake. Hata chuo kikuu mtu asiingie moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Alitakiwa kwanza afanye kazi na apate sifa za wakuu wake wa kazi na wa Chama, kanuni iliyokuja kulegezwa baadaye. Kuanzia mwaka 1976 alama za maendeleo zikawa nusu ya matokeo ya kidato cha nne.

Hapo ndipo sisi tulipoingia. Nilifanya mtihani katika shule yetu mwaka 1977, mkoa ukiwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Mnakumbuka lile Landrova lililoleta bahasha, askari akiwa amekaa nyuma na bunduki magotini? Mnakumbuka msimamizi alivyoinua bahasha juu ili tuuone muhuri kabla hajaikata? Nilikuwa na miaka kumi na minane, na nilijisikia kwamba serikali nzima imekuja kunitazama.

Lakini nusu ya hukumu yetu ilikuwa imekwisha kuandikwa kabla ya Landrova kufika. Ilikuwa katika madaftari ya walimu: mazoezi, majaribio ya kila muhula, jembe, usafi wa bweni, nidhamu. Wengi wetu mfumo huo ulitufaa. Mimi nilikuwa mtu wa kutetemeka mbele ya karatasi, na kama siku zile chache za mwisho zingekuwa ndizo peke yake, sijui ningekuwa wapi. Kwa ajili hiyo namshukuru Mwalimu kwa moyo wote.

Lakini palikuwa na mwenzangu wa bweni, mtoto wa mjane kutoka upande wa Ngara, hodari wa hesabu kuliko sisi sote. Mwalimu mmoja, ambaye simtaji, alikuwa na desturi ya kuwachukua wanafunzi siku za Jumamosi kupalilia shamba lake binafsi, na kazi hiyo akaiita kujitegemea. Mwenzangu alikataa. Alisema yuko tayari kulima shamba la shule tangu asubuhi hadi jioni, lakini si la mtu. Alama zake za kazi na tabia zikashuka muhula ule na ule uliofuata. Matokeo yalipotoka hakuchaguliwa kuendelea. Alirudi kwao akawa fundi baiskeli, fundi mzuri sana, na mwaka jana tulimzika.

Nimelifikiri jambo hili kwa miaka mingi. Yule msahihishaji wa Cambridge hakutujua, wala hakujali sisi ni nani. Huo ulikuwa udhalimu, na Mwalimu aliona sawasawa. Lakini kwa kuwa hakutujua, hakuweza pia kutuchukia. Hakuwa na shamba Biharamulo. Tulipouleta mtihani nyumbani tukauleta kwa watu wanaotujua, na anayekujua anaweza kukupima kwa haki kuliko mgeni, au anaweza kukumaliza kabisa. Je, Mwalimu mwenyewe, kama Tabora ya wakati wake ingetoa nusu ya alama kwa tabia, na mkuu wa shule akaandika kwamba kijana ni mpole kupita kiasi, hafai uongozi, angekwenda Makerere? Huenda angekwenda. Lakini ningependa kumwuliza.

Upo upande mwingine ambao watu wa kwetu hawana budi kuukiri. Katika miaka hiyohiyo nafasi za kidato cha kwanza katika shule za serikali ziligawanywa kwa mikoa, ili mikoa iliyotangulia kwa shule za misheni isizichukue zote. Baadhi ya ndugu zetu wa Bukoba walinung'unika kwamba mtoto wao mwenye alama nzuri anaachwa, na wa mkoa mwingine mwenye alama pungufu anachukuliwa. Sisi wa Biharamulo na Ngara tulikuwa mahali pa ajabu. Kwenye hesabu za taifa tulikuwa ndani ya mkoa ulioendelea, ilhali wenyewe tulijua tuna shule ngapi. Mtihani ulikuwa mmoja, lakini mtoto wa Runazi na mtoto wa mjini hawakuanza mbio kwenye mstari mmoja. Kusema kwamba serikali isiingie kabisa katika jambo hilo ni rahisi kwa aliyezaliwa karibu na maktaba.

Kitu kimoja hakukigusa: lugha. Yeye aliyemfasiri Shakespeare kwa Kiswahili aliuacha mtihani wa sekondari uendelee kwa Kiingereza. Tume ya Makweta ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kifundishiwe hadi juu, lakini serikali haikukubali. Wako waliokuwa wanajua jibu la baiolojia vizuri kabisa, wakashindwa kulisema.

Mwalimu aling'atuka urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao Butiama. Baraza lake liliendelea baada yake, na ubishi juu ya mkono wa serikali nao ukaendelea. Ninyi wanafunzi wa sasa mmesikia habari za matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Waziri Mkuu aliunda tume, na Mei 2013 serikali ikayafuta matokeo hayo na kuagiza yapangwe upya. Nilikuwa nimekaa na wastaafu wenzangu redioni siku ile. Mmoja alisema serikali imewaokoa watoto, mwingine akasema imevunja rula kwa sababu haikupenda urefu iliousoma. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Baadaye madaraja yakaondolewa, ukaja wastani wa alama, kisha mwaka 2016 madaraja yakarudishwa. Kila safari nilijiuliza yule mzee angesema nini.

Cheti changu ninacho bado, katika sanduku la bati nililoingia nalo bwenini mwaka 1974. Karatasi imekuwa ya manjano lakini muhuri wa Baraza unasomeka. Kila somo lina alama moja tu. Ndani yake mtihani na madaftari ya walimu vimechanganywa pamoja, wala hakuna awezaye sasa kuvitenganisha na kuniambia ni kipi kilichonivusha.