Apolo wa Boga, muzee aliyejua kurudia



Tarehe 30 Mei ni siku muzee Apolo Kivebulaya alikufa kule Boga, mwaka wa 1933. Kwa wenzetu wa Boga na Tchabi, ile tarehe ina uzito mara mbili, maana ni usiku huohuo, mwaka wa 2021, walishambuliwa, watu zaidi ya 50 wakauawa na wengine wakakimbia. Ndiyo sababu tumeona vizuri tukumbuke maisha ya huyu muzee. Hatutaki kuhubiri, juu chama chetu kina watu wa kila dini. Tunataka tu kuangalia namna alivyorudia, yee mwenyewe, zaidi ya mara moja.

Apolo hakuwa mutu wa Ituri. Alizaliwa Buganda, karibu na mwaka wa 1864, pacha, wakamuita Waswa. Alibatizwa mwaka wa 1895 na kupata jina la Apolo. Kivebulaya ni jina la utani: alikuwa anavaa koti nyekundu ya askari pamoja na kanzu yake, watu wakamuita kitu chenye kutoka Ulaya.

Mwisho wa mwaka wa 1896 alivuka milima ya Ruwenzori, akashuka mutoni Semliki, akapanda mupaka Boga, kwenye leo ni teritwari ya Irumu, kama kilometa 100 kusini mwa Bunia. Walimu wenye walimutangulia walishindwa juu ya njaa, kwani sefu Tabaro alikataza watu kuwapa chakula. Kadiri ya masimulizi, Apolo aliposikia hayo alinunua jembe mbele ya kufika. Akalima shamba yake mwenyewe. Hakungojea kupewa.

Mwaka wa 1898 mambo yaliharibika. Mwanamke mumoja wa jamaa ya sefu aliangukia mukuki, akafa. Ilikuwa bahati mbaya, lakini Apolo ndiye alishitakiwa. Walimupiga, wakamufunga minyororo, wakamupeleka Toro kwa Waingereza, akatiwa gerezani. Kule alikata tamaa kabisa. Baadaye alielezea kwamba Yesu alimutokea na kumutia moyo. Walipoona hana kosa, walimuachilia.

Angeweza kubaki Toro, na hakuna mutu angemulaumu. Lakini alirudia Boga, kwa sefu yuleyule na kwa watu walewale wenye walimupiga. Hakudai malipo, hakutafuta wa kulipiza kisasi. Tabaro mwenyewe alishangaa sana kumuona, na kisha akabatizwa.

Nyuma ya hapo wakubwa wake walimuita kutumika Toro. Akawa shemasi mwaka wa 1900, padri mwaka wa 1903. Wakati alikuwa kule, mwaka wa 1910, Waingereza na Wabelgiji walipatana juu ya mupaka, na Boga ikabaki upande wa Kongo. Watu wakajikuta katika inchi ingine bila kuhama nyumba. Karibu na mwaka wa 1915 Apolo alirudia mara ya pili, sasa akivuka mupaka wenye haukuwako zamani.

Toka pale hakuachana tena na Boga. Tangu mwaka wa 1921 aliingia pori kwa Wambuti, wenye wengi walikuwa wanawazarau. Alijifunza luga yao, akala nao, akalala kwao. Hakuwa na bibi, hata hivyo nyumba yake haikukosa watoto. Aliwalea, akawafundisha kusoma na kulima. Ndiyo sababu wengi walimuhesabu kuwa baba, hata kama hakuwa damu yao.

Uzee ulipofika, roho ikamusumbua, akapelekwa Kampala kwa matunzo. Alipojua kwamba hatapona, aliomba kurudishwa Boga. Hii ndiyo ilikuwa mara ya tatu. Aliacha neno kwamba wasimuzike sawa vile desturi, kichwa upande wa mashariki, kwenye alizaliwa. Walimuzika kichwa kikielekea mangaribi, upande wa pori na watu wenye alikuwa bado anataka kuwafikia.

Wanamemba, tunajua kurudia ni nguvu. Kuna wenye wamekuta nyumba imechomwa, kuna wenye wamekuta mutu mwingine analima shamba yao, na kuna wenye wanakutana sokoni na jirani mwenye wanazani alimuonyesha adui njia. Hatusemi kila mutu asamehe kwa siku moja, wala asipeleke maneno yake kwa tribinali. Yee mwenyewe alipata kwanza kuambiwa kwamba hana kosa. Lakini katika Ituri yetu, kwenye tunaulizana kila siku nani ni mwenyeji na nani ni mugeni, tukumbuke kwamba muzee mwenye Boga inajivunia zaidi alikuwa mugeni, alifungwa bure, na bado akarudia.

Nanyi marafiki wenye kutusaidia, mukiuliza mutu mwenye anarudia anahitaji nini kwanza, jibu letu ni lile la Apolo: jembe, pamoja na mbegu ya kwanza. Kingine chote tutaanza kukitafuta pamoja, shambani.