Tanzania: Johannes Rebmann, aliyetangaza theluji ya Kilimanjaro na kukataliwa

Kabla ya katikati ya karne ya 19, habari za mlima mweupe wa Uchagani zilikuwa zikifika pwani pamoja na misafara ya pembe za ndovu. Ilisimuliwa Mombasa kuwa kileleni kuna fedha inayong'aa, inayolindwa na majini. Kwamba baruti haiwaki huko, na kwamba waliothubutu kupanda walikufa au kurudi wakiwa vilema wa mikono na miguu. Mtu aliyezichunguza habari hizo na kuziandikia ulimwengu alikuwa mmisionari wa Kijerumani, Johannes Rebmann. Malipo yake yalikuwa kudhihakiwa kwa miaka mingi.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji wa Gerlingen, Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Alisomea Basel, Uswisi, kisha akaajiriwa na shirika la wamisionari wa Kanisa la Uingereza, CMS. Mwaka 1846 aliwasili Mombasa kumsaidia Johann Ludwig Krapf, na wote wawili wakaanzisha kituo chao Rabai, miongoni mwa Wamijikenda.

Mwishoni mwa Aprili 1848, Rebmann aliondoka Rabai kuelekea Uchagani pamoja na wapagazi wachache, akiongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara kutoka pwani. Mkuu wa ngome ya Mombasa alikuwa amewaonya wamisionari hao wasiupande mlima ule kwa sababu ya majini. Asubuhi ya tarehe 11 Mei, Rebmann aliona juu ya mlima kitu alichodhani ni wingu jeupe. Alipomuuliza kiongozi wake ni nini, huyo alijibu kwa neno moja tu, kwamba ni baridi. Kwa mtu aliyekulia Ulaya, jibu hilo lilitosha: ile ilikuwa theluji.

Hakutosheka na macho yake pekee. Katika safari zake za Kilema na Machame aliwahoji wenyeji, akagundua kuwa hawakuwa na fumbo kubwa. Walijua kwamba kitu kile cheupe kikiteremshwa chini hugeuka maji. Aliambiwa pia kuwa Rungua, mtawala wa Machame na baba yake Mamkinga, aliwahi kutuma kundi la watu wakachunguze kileleni. Aliyerudi alikuwa mmoja tu, jina lake Sabaya, naye viungo vyake vilikuwa vimeharibiwa na baridi. Kilichosimuliwa pwani kuwa ni adhabu ya majini kilikuwa, kwa Rebmann, athari ya baridi kali.

Taarifa yake ilichapishwa London mwaka 1849. Mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika Afrika Mashariki, aliipinga vikali. Aliona haiwezekani theluji kudumu karibu na ikweta, akadai kuwa Rebmann aliona kwa fikra zaidi kuliko kwa macho. Krapf naye alipouona Mlima Kenya ukiwa na theluji mwezi Desemba 1849, alikataliwa vilevile.

Mwaka huohuo, safari ya tatu ya Rebmann iliishia pabaya. Alikusudia kupita Uchagani hadi Unyamwezi, lakini huko Machame Mamkinga alimmalizia bidhaa zote alizobeba, akalazimika kurejea Rabai mikono mitupu. Hakurudi tena Kilimanjaro. Hata hivyo, ramani aliyoitayarisha na mwenzake Jakob Erhardt kutokana na maelezo ya wasafiri, ikionyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya bara, iliwachochea Waingereza kuwatuma Richard Burton na John Speke mwaka 1856.

Uthibitisho ulipatikana mwaka 1861 na 1862, wakati Karl Klaus von der Decken alipoupanda mlima huo. Katika safari yake ya pili alivuka mita 4,000 na kuangukiwa na theluji. Cooley hakukubali hata hapo.

Rebmann alibaki Rabai, akikusanya maneno ya lugha za Afrika Mashariki. Mkewe Anna alifariki huko mwaka 1866. Macho yaliyotiliwa shaka London yalififia hadi akawa kipofu, na mwaka 1875, baada ya miaka 29, alirejeshwa Ujerumani akisindikizwa na Isaac Nyondo, Mwafrika aliyekuwa msaidizi wake. Alifariki Korntal tarehe 4 Oktoba 1876.

Miaka 13 baadaye, tarehe 6 Oktoba 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni. Leo inajulikana kuwa Kibo, chenye urefu wa mita 5,895, ni volkano iliyolala, na gesi zenye harufu ya kiberiti bado hutoka katika shimo lake. Mmoja wa mito ya barafu ya upande wake wa kusini unaitwa Rebmann, nao, kama barafu yote ya mlima huo, unazidi kupungua.