Katharine Blodgett: Mtafiti wa Utando Usioonekana

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Ni wachache walioudhihirisha ukweli wa methali hii kwa vipimo kama alivyofanya mwanafizikia wa Marekani, Katharine Burr Blodgett. Kibaba chake kilikuwa utando uliojengwa kwa tabaka moja moja la molekuli, kila tabaka likiwa na unene wa takriban nanometa 2.4. Milimita moja ina nanometa milioni moja. Kutokana na utando huo ilikua mbinu ambayo hadi leo hutumiwa kuvika nyuso za vitu kwa protini na chembe za nano.

Katharine alizaliwa tarehe 10 Januari 1898 mjini Schenectady, katika jimbo la New York. Hakubahatika kumwona babake. George Blodgett, aliyekuwa wakili wa hataza katika kampuni ya General Electric, aliuawa kwa risasi na mwizi aliyeingia nyumbani kwao wiki chache kabla ya binti huyo kuzaliwa. Mama mjane aliwalea wanawe wawili huku akihama nao kati ya Marekani na Ufaransa, wala hakukubali elimu ya bintiye iwe duni kuliko ya mvulana. Mwaka wa 1913, akiwa na umri wa miaka 15, Katharine alijiunga na chuo cha wanawake cha Bryn Mawr kwa ufadhili wa masomo.

Alipokaribia kuhitimu alizuru maabara ya kampuni aliyoitumikia marehemu babake. Huko alikutana na mwanakemia Irving Langmuir, ambaye alimshauri aendelee kwanza na masomo. Katharine aliutii ushauri huo. Katika Chuo Kikuu cha Chicago alichunguza jinsi makaa yanavyonasa gesi, suala lililohusu uhai na mauti wakati huo wa Vita Vikuu vya Kwanza, kwani barakoa za askari zilitegemea makaa hayo. Alipata shahada ya uzamili mwaka wa 1918, na mwaka uo huo akaajiriwa kuwa mwanasayansi wa kwanza wa kike katika maabara ya utafiti ya General Electric.

Mwaka wa 1924 alivuka bahari hadi Cambridge, Uingereza, kusomea chini ya Ernest Rutherford. Mwaka wa 1926 akawa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uzamifu ya fizikia katika chuo kikuu hicho, ilhali wanawake hawakukubaliwa kuwa wanachama kamili wa chuo hicho hadi mwaka wa 1948.

Aliporejea Schenectady, alizama katika suala lililokuwa limemshughulisha Langmuir kwa miaka mingi. Asidi ya steriki, inayotokana na mafuta na kutumika kutengenezea mishumaa, inapotandazwa juu ya maji huunda utando wenye unene wa molekuli moja tu. Kila molekuli husimama wima, kichwa kikiwa ndani ya maji na mkia ukielekea juu. Langmuir alikuwa ameonyesha kwamba utando huo waweza kuhamishiwa juu ya kioo. Blodgett alikwenda mbele zaidi. Alitia chumvi ya bariamu ndani ya maji, akausukuma utando hadi molekuli zikabanana, kisha akakizamisha kibao cha kioo na kukiinua polepole. Kila kilipopita kwenye uso wa maji kilibeba tabaka moja jipya. Alichapisha matokeo hayo mwaka wa 1934 na 1935.

Matabaka yalipozidi, kioo kilianza kuonyesha rangi kama zile za povu la sabuni, na kila unene ulikuwa na rangi yake. Kwa hivyo alitengeneza kipimo cha rangi ambacho kilimwezesha mtu kukadiria unene wa utando kwa kuutazama tu. Mwaka wa 1938 ulitangazwa uvumbuzi uliomletea sifa. Kioo cha kawaida huakisi takriban asilimia 4 ya mwanga katika kila upande wake. Blodgett alikivika kioo matabaka 44, ili unene wa utando uwe robo ya urefu wa wimbi la mwanga ndani yake. Mwanga ulioakisiwa juu ya utando na ule ulioakisiwa chini yake ulirudi kilele cha mmoja kikikutana na bonde la mwingine, ikawa miale hiyo inafutana. Kioo hicho kilipitisha zaidi ya asilimia 99 ya mwanga.

Hata hivyo, utando huo ulikuwa laini mno. Kuupangusa kwa kitambaa tu kulitosha kuuharibu. Katika mwaka uo huo watafiti wengine nchini Marekani walipata njia ya kuvika lenzi chumvi ngumu za floridi ndani ya ombwe, na njia hiyo ndiyo iliyofaa viwandani. Kioo cha Blodgett hakikuenea sokoni, bali mbinu iliyokiunda ilidumu.

Wakati huo Langmuir na Vincent Schaefer walikuwa wakitandaza protini juu ya matabaka ya aina hiyo. Kingamwili iliponata juu ya protini inayoilenga, unene uliongezeka na rangi ikabadilika. Hivyo jambo lisiloonekana kwa macho lilipata ishara inayoonekana. Leo vimeng'enya na kingamwili hupangwa kwa mbinu hiyo ili kuunda vitambuzi, japo sharti pawe na uangalifu kwa sababu protini nyingi hukunjuka na kupoteza umbo zinapogusa uso wa maji. Hali kadhalika, chembe za nano za dhahabu au fedha huvikwa mikia ya mafuta ili zielee, husukumwa zikabanana, kisha huinuliwa kwa kibao kama alivyofanya Blodgett.

Katika Vita Vikuu vya Pili alishughulikia moshi wa kuwaficha askari na uondoaji wa barafu kwenye mabawa ya ndege. Mwaka wa 1951 alitunukiwa Nishani ya Garvan, inayotolewa kwa wanakemia wa kike. Nje ya maabara alipenda kutunza bustani na kuigiza jukwaani mjini kwao. Alistaafu mwaka wa 1963 na kuaga dunia tarehe 12 Oktoba 1979.

Langmuir alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1932. Blodgett hakuipata. Hata hivyo, wanasayansi huziita tando za aina hii kwa majina yao wawili, tando za Langmuir na Blodgett. Msaidizi aliyeingia maabara akiwa na umri wa miaka 20 anatajwa sako kwa bako na mwalimu wake kila kibao kinapozamishwa majini na kuinuliwa.