ROBERT KOCH NA MAJI YA MTO

1. Kwa nini tusome habari zake

Ndugu msomaji, katika somo hili utasoma maisha ya daktari mmoja Mjerumani. Jina lake ni Robert Koch. Alikufa mwaka 1910. Huenda hujapata kulisikia jina lake, lakini kazi yake inakuhusu wewe, watoto wako, ng'ombe wako na mtungi wako wa maji.

Sisi wa Samuye, mkoani Shinyanga, tunajua shida ya maji. Wakati wa kiangazi mito yetu hukauka, ukabaki mchanga mtupu. Akina mama huchimba mashimo katika mchanga huo, wakangoja maji yajikusanye, kisha wakayateka polepole. Mvua zikinyesha maji huwa mengi, lakini huja na tope. Samadi ya ng'ombe na kinyesi cha watu huchukuliwa na mvua mpaka mitoni na katika malambo. Maji hayo hayo huchotwa yakaletwa nyumbani. Mtoto akinywa huharisha. Asipopata msaada mapema, mwili huishiwa maji, naye anaweza kufa.

Je, ni kitu gani ndani ya maji kinachoua? Na kwa nini maji yaliyopita katika mchanga ni afadhali kuliko maji ya lambo? Robert Koch alitusaidia kupata majibu.

2. Utoto na masomo yake

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani. Mji huo ulikuwa wa machimbo ya madini, kama ilivyo Mwadui au Geita kwetu. Baba yake alifanya kazi katika machimbo hayo. Nyumba yao ilikuwa na watoto wengi.

Robert alipenda sana kusoma. Habari za maisha yake zinaeleza kwamba alipokuwa na umri wa miaka 5 aliwashangaza wazazi wake. Alikuwa amejifunza kusoma mwenyewe kwa kutazama magazeti. Basi wewe uliyejifunza kusoma ukiwa mtu mzima usione haya. Kusoma hakuna mlango mmoja.

Alipokua alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen. Alimaliza mwaka 1866. Mwaka 1872 akawa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein. Siku hizi mji huo uko katika nchi ya Poland.

3. Ugonjwa wa kimeta

Wilaya ya Wollstein ilikuwa ya wakulima na wafugaji. Mifugo yao iliuawa na kimeta. Wafugaji wa Usukuma wanaujua ugonjwa huu. Mnyama huanguka ghafla akafa, na watu wanaomchuna au kula nyama yake huweza kuugua pia.

Koch hakuwa na maabara kubwa. Alifanya uchunguzi nyumbani kwake, baada ya kazi ya kutibu wagonjwa. Alitumia hadubini, yaani chombo cha kukuza vitu vidogo ambavyo macho hayawezi kuviona. Katika damu ya wanyama waliokufa aliona vijidudu vyembamba kama vijiti. Aliviotesha, akavitia katika panya. Panya wakafa kwa kimeta.

Mwaka 1876 aliwaonyesha wataalamu kazi yake. Alionyesha kwamba vijidudu hivyo hugeuka kuwa kama mbegu ngumu, navyo hudumu ardhini kwa miaka mingi. Ndiyo maana wataalamu wa mifugo hutukataza kumchuna mnyama aliyekufa kwa kimeta. Mzoga huchomwa moto au hufukiwa chini sana.

Kazi hii ilimfanya Koch ajulikane. Mwaka 1880 aliitwa kufanya kazi Berlin, mji mkuu wa Ujerumani. Tarehe 24 Machi 1882 alitangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Mpaka leo tarehe hiyo ndiyo Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

4. Kipindupindu na bwawa la India

Mwaka 1883 kipindupindu kilizuka Misri. Koch na wenzake walitumwa huko kuchunguza. Ugonjwa ulipopungua Misri, walisafiri hadi India, katika mji wa Calcutta, ambako ulikuwapo daima.

Huko Koch aliona kijidudu kilichopinda kidogo, mfano wa alama ya mkato tunayoiandika katika sentensi. Alikiona katika matumbo ya watu waliokufa kwa kipindupindu. Mtaalamu wa Italia, Filippo Pacini, alikuwa amekiona tangu mwaka 1854, lakini watu hawakumjali. Koch alikiotesha peke yake na kukichunguza vizuri.

Kisha akakikuta mahali pengine, katika maji ya bwawa. Watu walioishi kando ya bwawa hilo walioga humo, walifua nguo humo, na walichota maji ya kunywa humo humo. Fikiri, ndugu msomaji. Je, bwawa hilo halifanani na lambo?

Mwaka 1884 Koch alieleza kwamba kipindupindu huenezwa hasa na maji yaliyoingiwa na kinyesi cha mgonjwa. Wengi hawakukubali. Wakati ule watu walisema ugonjwa huletwa na hewa mbaya itokayo ardhini. Mmoja wa wapinzani wake alikuwa mtaalamu mkubwa, Max von Pettenkofer. Mwaka 1892 mzee huyo alikunywa vijidudu vya kipindupindu mbele ya watu. Aliharisha kidogo tu, akapona. Lakini mwenzake mmoja aliyekunywa naye aliharisha vibaya.

Hapa pana fundisho. Wapo kati yetu wanaosema kwamba wamekunywa maji ya mto tangu utoto wao na hawajafa. Ni kweli, si kila anayekunywa maji machafu huugua. Lakini jirani yake huugua. Na mtoto mdogo mwenye utapiamlo hana nguvu za mtu mzima.

5. Miji miwili na mto mmoja

Sasa tufike kwenye jambo kubwa la somo hili.

Kaskazini mwa Ujerumani upo mto mkubwa uitwao Elbe. Kando yake palikuwa na miji miwili iliyogusana, Hamburg na Altona. Mtu aliweza kuvuka mtaa mmoja tu, akawa ametoka mji huu na kuingia mji ule. Watu wa miji yote miwili walivuta hewa ile ile. Wote walikunywa maji ya mto Elbe.

Lakini palikuwa na tofauti moja. Hamburg ilivuta maji ya mto, ikayaacha yatulie, kisha ikayapeleka majumbani bila kuyachuja. Altona ilivuta maji yake chini zaidi, baada ya mto kupokea uchafu wa miji yote miwili. Maji ya Altona yalikuwa machafu zaidi. Lakini Altona ilikuwa imejenga machujio makubwa ya mchanga tangu mwaka 1859. Maji yote yalipita katika mchanga kabla ya kunywewa.

Agosti 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg. Serikali ilimtuma Koch kwenda kusaidia. Aliwakuta wagonjwa wengi na maiti wengi. Kabla ugonjwa haujaisha, watu wapatao 8,600 walikufa Hamburg. Altona, mji wa jirani, walikufa watu wachache mno. Wengi wa wagonjwa wa Altona walikuwa wameupata ugonjwa Hamburg.

Koch alichunguza mpaka wa miji hiyo. Upande wa Hamburg wa mtaa watu waliugua. Upande wa Altona watu walikuwa wazima. Palikuwa pia na nyumba zilizokuwa ndani ya Hamburg, lakini zilipata maji kutoka Altona. Watu wa nyumba hizo hawakuugua. Hewa ilikuwa moja. Ardhi ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni maji.

Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa mtu yeyote kubisha. Hamburg ilikuwa imeanza kujenga machujio, lakini ilichelewa. Iliyamaliza mwaka 1893, baada ya kuzika maelfu ya watu wake.

6. Jinsi mchanga unavyosafisha maji

Wakati wa baridi kali, mwanzoni mwa mwaka 1893, kipindupindu kilitokea kidogo Altona. Koch alitafuta sababu. Aligundua kwamba baridi iligandisha maji, na chujio moja likaharibika liliposafishwa. Kwa siku hizo halikuchuja vizuri.

Koch alifundisha kwamba kazi kubwa haifanywi na mchanga peke yake. Maji yakipita siku nyingi, juu ya mchanga hujengeka utando mwembamba wa ute na tope laini. Ndani ya utando huo wamo viumbe wadogo mno wanaokula vijidudu. Utando huo ndio mlinzi. Ukiuvunja, vijidudu hupita. Ukiharakisha maji, vijidudu hupita pia. Kwa hiyo Koch alitaka maji yashuke polepole, yasizidi milimita 100 kwa saa moja.

Wazee wetu waliochimba maji katika mchanga wa mto mkavu walijua kwamba maji hayo ni afadhali. Mchanga ulikuwa umeyachuja. Lakini shimo likiachwa wazi, ng'ombe na mbwa wakanywa humo, faida hiyo hupotea.

7. Tufanye nini nyumbani

Kaya inaweza kutengeneza chujio dogo. Tafuta pipa safi ambalo halikuwahi kutiwa dawa za pamba wala mafuta. Toboa tundu karibu na chini, utie bomba dogo. Bomba hilo lipande nje ya pipa mpaka lipite usawa wa mchanga kwa sentimita 5. Hivyo mchanga utafunikwa na maji siku zote, na utando hautakauka.

Osha vizuri kokoto, changarawe na mchanga. Chini weka kokoto, sentimita 5. Juu yake weka changarawe, sentimita 5. Kisha weka mchanga safi, sentimita 50. Juu ya mchanga, bila kuugusa, weka sahani yenye matundu madogo ili maji yasiuchimbe mchanga.

Maji yenye tope yaache yatulie kwanza, ndipo uyamimine. Mimina kila siku. Utando unahitaji kama wiki 3 kukomaa. Maji yakianza kutoka polepole mno, vuruga kidogo sehemu ya juu tu kwa mkono safi, uchote maji machafu yaliyo juu.

Baada ya kuchuja, chemsha maji mpaka yatokote kabisa kwa dakika moja au zaidi, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Chujio hupunguza vijidudu, lakini halivimalizi vyote. Hifadhi maji katika chombo chenye mfuniko.

Jihadhari na jambo jingine. Penye uchimbaji wa dhahabu, kama Geita, wachimbaji wadogo hutumia zebaki. Zebaki ni sumu. Chujio la mchanga haliaminiki kuiondoa, na kuchemsha hakuiondoi. Maji ya mto unaopokea uchafu wa zebaki yasinywewe.

8. Safari zake Afrika na kifo chake

Koch alifika nchi yetu wakati wa utawala wa Wajerumani. Mwaka 1897 na 1898 alikuwa Dar es Salaam akichunguza malaria. Alirudi tena na kuchunguza homa inayoletwa na papasi. Mwaka 1906 alifika Mwanza, kisha akaenda visiwa vya Sese, Uganda, ambako ugonjwa wa malale uliua watu wengi.

Huko Sese aliwatibu wagonjwa kwa dawa iitwayo atoxyl. Dawa hiyo iliwapofusha macho baadhi yao. Habari hii nayo tuijue. Mtu mwenye elimu kubwa naye huweza kuwadhuru watu, hasa wale wasio na uwezo wa kumkatalia.

Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu. Alikufa tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden, Ujerumani, akiwa na umri wa miaka 66.

9. Sisi leo

Tanzania tumekijua kipindupindu. Kilienea mwaka 1977, na kilienea tena kuanzia mwaka 2015. Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria yanasafishwa Ihelele, Wilaya ya Misungwi, na kuletwa kwa bomba Kahama na Shinyanga. Hiyo ni kazi ile ile ya Altona. Lakini bomba halijafika kwa kila kaya. Pale lisipofika, chujio, sufuria ya kuchemshia na choo ndivyo kinga yetu.

Watu wa Hamburg walikuwa na fedha nyingi na wasomi wengi, lakini walichelewa. Ndugu msomaji, wewe usichelewe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Robert Koch alijifunzaje kusoma?
2. Kwa nini watu wa Altona hawakuugua sana, ingawa maji ya mto wao yalikuwa machafu zaidi?
3. Utando ulio juu ya mchanga una kazi gani?
4. Kwa nini tunachemsha maji hata baada ya kuyachuja?
5. Maji ya kijiji chenu hutoka wapi? Mifugo hunywa wapi? Kubalianeni jambo moja mtakalolifanya mwezi huu.