Odera Akang'o na Maana ya Kutumwa

Sisi wa Adungosi tusimsahau Odera Akang'o, chifu wa Gem. Baada ya kuzuru Uganda, aliwalazimisha wazazi kupeleka watoto shuleni, na sifa ya Gem kielimu ina mizizi hapo. Serikali ya kikoloni ikamleta awatawale Wateso wa huku kwetu. Akatuhumiwa kula rushwa, akahamishiwa Kismayu, akafariki huko mwaka 1919.

Neno mtumishi limezaliwa na kitenzi tuma. Aliyetumwa humjibu aliyemtuma. Odera alitumwa na Mwingereza. Kwa Wateso hakuwa na hesabu ya kutoa. Tangu Katiba ya 2010, naamini, mtumaji ni mwananchi. Bidii ya mtumishi pekee haitoshi; atoe hesabu kwake.