Bushiri wa Pangani na Kinu cha Miwa

Ukivuka feri ya Likoni ukashika njia ya kusini, ukapita Lungalunga na Tanga, utafika Pangani, pale mto unapoingia baharini. Katika karne ya 19 bonde la mto huo lilijaa miwa. Mmoja wa wenye mashamba hayo alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi, ambaye watu wengi humwita Bushiri.

Miwa ilikamuliwa kwa kinu, kisha maji yake yakachemshwa katika masufuria makubwa mpaka yakawa mazito, ikapatikana sukari guru ya kuuzwa Unguja na Arabuni. Mali ilikuwa ya tajiri. Jasho lilikuwa la watumwa. Mwaka 1873 watumwa wengi wa mashamba ya Pangani waliasi, wakakimbilia Kikogwe, wakajijengea kijiji chao na kukilinda.

Bushiri hakupenda kutawaliwa, hata na Sultani wa Unguja. Mwaka 1888 Sayyid Khalifa alipoikodisha pwani kwa kampuni ya Wajerumani, mambo yaliharibika upesi. Mwezi wa Agosti, siku za Idi, watu wa kampuni waliingia msikitini Pangani na viatu vyao na mbwa. Watu wakachemka. Bushiri akawa kiongozi wao, na kabla ya mwaka kwisha Wajerumani walibakiwa na Bagamoyo na Dar es Salaam tu.

Mwaka 1889 alikuja Hermann Wissmann na mizinga na askari wa kukodi, wengi wao Wasudani. Mwezi wa Mei aliivunja ngome ya Bushiri karibu na Bagamoyo. Bushiri akakimbilia bara, akasalitiwa, akakamatwa, na tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa Pangani.

Tunamheshimu kwa ushujaa wake, na ni haki yake. Lakini yule aliyekataa kuwa chini ya mtu alikuwa na watu chini yake. Ndiyo sababu magofu ya vinu vya miwa yana thamani. Mchimbuzi wa mambo ya kale hatazami kuta peke yake. Hutafuta jivu la meko, vigae vya vyungu na alama za vibanda walimolala wafanyakazi. Jina la Bushiri limo vitabuni. Waliokata miwa yake hawakuandikwa popote. Ushahidi wao umo mchangani. Jiwe la gofu likichukuliwa kujengea ukuta wa jirani, tunaowapoteza ni wao.