Roger Neilson: Kocha aliyefundisha vijana kulinda timu ikiwa pungufu

Ukiwahi kukaa jukwaani pale uwanja wa RFUEA, Ngong Road, kukiwa na raga ya wachezaji saba kila upande, unajua dakika mbili zinaweza kuwa ndefu kiasi gani. Refa anachomoa kadi ya manjano, jamaa anatoka ameinamisha kichwa, na wenzake sita wanabaki kulinda uwanja mzima dhidi ya watu saba. Mashabiki wanashika vichwa. Kila mtu anaangalia saa.

Sasa hamisha dakika hizo mbili hadi juu ya barafu. Katika hoki ya barafu kila timu huwa na wachezaji watano na kipa. Ukimkwatua mpinzani au ukimshika, refa anakutuma kwenye kibanda cha adhabu ukae dakika mbili, na wenzako wanabaki wanne dhidi ya watano. Mwingine naye akikosea, wanabaki watatu. Ndio wakati mgumu zaidi katika mchezo huu, na makocha hutenga mazoezi maalum kwa ajili yake.

Usidhani haya ni mambo ya wazungu wa kwenye TV peke yao. Kenya Ice Lions walizaliwa hapa hapa Nairobi, kwenye kiwanja cha barafu cha hoteli ya Panari, Mombasa Road, kilichofunguliwa 2005. Mwaka wa 2018 walisafiri hadi Kanada wakacheza mechi, na nyota wawili wakubwa wa mchezo huo, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wakavaa jezi na kuingia upande wao. Kijana wa Kangemi au Kawangware anayetaka kujaribu barafu ana safari ya kubadilisha matatu mjini kwanza, lakini barafu ipo.

Na kama unataka kujua sanaa ya kulinda mkiwa pungufu, kuna mzee mmoja wa kitambo ambaye maisha yake ni darasa tosha. Anaitwa Roger Neilson.

Neilson alizaliwa Toronto, Kanada, Juni 16, 1934. Hakuwahi kucheza hata mechi moja ya NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini. Alisomea chuo kikuu cha McMaster, akawa mwalimu wa shule ya upili, na jioni akawa anafunza vijana wa mtaani besiboli na hoki. Hakuoa. Maisha yake yote yalikuwa wanafunzi, wachezaji na kanisa.

Mwaka wa 1966 alipewa kazi ya kuwanoa Peterborough Petes, timu ya vijana katika mji mdogo ulio kaskazini mashariki mwa Toronto. Alikaa huko miaka kumi, na hapo ndipo sifa zake zilipoanza kuenea. Wakati makocha wengine walipiga kelele kwenye benchi, yeye alikuwa amesoma kitabu cha sheria jinsi wakili anavyosoma mkataba, akitafuta mahali palipoachwa wazi.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni hiki. Timu yake ilikuwa inaongoza kwa bao moja, imebaki kama dakika moja hivi, na wachezaji wake wawili wako kwenye kibanda cha adhabu. Watatu dhidi ya watano! Sheria ilisema timu haiwezi kupunguzwa chini ya hapo, kwa hivyo adhabu yoyote mpya ingengoja zile za kwanza ziishe. Neilson akapiga hesabu. Akaingiza mchezaji wa ziada kinyume cha sheria. Refa akapuliza kipenga, akatoa adhabu, lakini uwanjani walibaki watatu vile vile. Mchezo ulipoanza tena, akaingiza mwingine. Kipenga tena. Kila wapinzani walipojipanga kushambulia, mchezo ulisimama, na saa ikazidi kuisha.

Je, huo ulikuwa ujanja au udanganyifu? Watu walibishana. Wakubwa wa mchezo hawakungoja mjadala uishe, walibadilisha sheria: siku hizi timu iliyo pungufu hivyo ikiongeza mtu makusudi dakika za mwisho, mpinzani anapewa mkwaju wa adhabu. Hata mkwaju wenyewe aliwahi kuuchezea. Alimtoa kipa, akamweka beki langoni, na beki huyo akamtokea mpigaji mbio kabla hajapata nafasi ya kupiga. Sheria nayo ikarekebishwa, lazima awe kipa.

Lakini ukidhani Neilson alikuwa mtu wa njama peke yake, utakosa kiini cha kazi yake. Kosa kubwa la timu iliyo pungufu ni kukimbiza. Mshambuliaji anazunguka nyuma ya lango na kisahani, beki anamfuata kwa hasira, na nafasi mbele ya lango inabaki wazi. Pasi moja, bao. Ili vijana wake waelewe, Neilson alileta mbwa wake kwenye barafu. Akamkalisha mbele ya lango, kisha yeye mwenyewe akazunguka nyuma ya lango na kisahani, akimchokoza. Mbwa hakumfuata. Alikaa pale pale mbele, akimwangalia tu. Kama mbwa anaweza, beki atasema nini?

Na hilo ndilo somo la msingi hadi leo. Wanne waliobaki hujipanga kama mraba mbele ya kipa. Wanawaachia wapinzani pembeni, ambako shuti si hatari sana, na kuziba katikati. Gongo hulazwa kwenye barafu ili kukata njia ya pasi. Ukipata kisahani, huhitaji chenga: kitupe mbali, hadi upande wa pili wa uwanja, jambo ambalo sheria huiruhusu timu iliyo pungufu. Wapinzani warudi kukifuata, sekunde ziishe. Kisha toka mbio upumzike, mwenye pumzi mpya aingie.

Mwaka wa 1977 Toronto Maple Leafs walimwita NHL. Alikuja na mashine za video, wakati ambapo wengi hawakuona maana ya kukaa kuangalia kanda za mechi usiku kucha. Wakambandika jina la utani la Kapteni Video. Msimu huo wa kwanza vijana wake waliwatoa New York Islanders waliokuwa wakipigiwa upatu, katika mechi ya saba iliyoingia muda wa ziada. Leo hakuna timu kubwa ya mchezo wowote isiyochambua video.

Kazi yenyewe haikuwa na huruma. Machi 1979 mmiliki wa klabu, Harold Ballard, alimfuta, kisha siku mbili baadaye akamrudisha, akitaka atokee kwenye benchi akiwa amevaa mfuko wa karatasi kichwani kama kioja. Neilson alikataa. Alitokea na uso wake.

Kilele chake kilikuja 1982 akiwa na Vancouver Canucks, timu ambayo hakuna aliyeipa nafasi. Katika nusu fainali kule Chicago, adhabu zilizidi kuwaangukia. Neilson akachukua taulo jeupe, akalitundika kwenye ncha ya gongo na kuliinua juu, kana kwamba anajisalimisha kwa refa. Alifukuzwa uwanjani na kupigwa faini. Mechi iliyofuata nyumbani, maelfu ya mashabiki walikuja na mataulo meupe. Canucks walishinda raundi hiyo na kufika fainali, ingawa Islanders waliwanyoa huko mechi nne kwa bila. Leo sanamu yake, akiwa ameinua taulo, iko nje ya uwanja wa Vancouver.

Alifunza klabu nane za NHL kama kocha mkuu. Nyingi zilimfuta. Kama kocha mkuu, Kombe la Stanley hakulishika kamwe.

Mwishoni mwa 1999, akiwa na Philadelphia Flyers, aligunduliwa kuwa na saratani ya uboho wa mifupa. Alikaa kando Februari 2000 ili atibiwe. Alipotaka kurejea kwa mechi za mchujo, wakubwa waliamua msaidizi wake aendelee. Kwa mtu asiye na mke wala watoto, ambaye benchi lilikuwa nyumbani kwake, hilo lilikuwa pigo kuliko kufutwa kokote.

Hakukimbizana nao. Alikwenda Ottawa Senators kama msaidizi, akaendelea kukata video zake huku akitibiwa. Aprili 2002 kocha mkuu, Jacques Martin, aligundua kwamba mzee amebakisha mechi mbili tu kufikisha 1,000. Martin akamwachia benchi mechi mbili za mwisho wa msimu. Novemba mwaka huo akaingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa Hoki. Alifariki Juni 21, 2003, siku tano baada ya kutimiza miaka 69.

Siku nyingine ukiwa Ngong Road na kadi ya manjano itoke, acha saa kidogo. Angalia wale sita waliobaki: nani anakimbiza mpira kwa hasira, na nani amebaki mahali pake? Mara nyingi utajua kama wataponea hata kabla dakika mbili hazijaisha.